Kaburi la Maharage

Mjomba Kule alinipigia simu nikiwa ghalani kwangu Kasese, nimechutama mbele ya gunia la mahindi ya Mubuku, bambo mkononi. Kama hujawahi kufanya biashara ya nafaka, bambo ni ule mrija wa chuma wenye ncha ambao tunachoma nao gunia ubavuni ili punje za katikati zitoke zijieleze zenyewe. Mwenye mahindi alikuwa ameniapia kwamba ni makavu mpaka chini. Mimi mtu akianza kuapa ndipo ninapotafuta bambo.

"Masika," mjomba alisema, bila hata kunijulia hali. "Wewe ndiyo ulikaa na mama. Ile mawe iko nyuma ya jiko. Chini yake iko mtu, ama hakuna?"

Niliweka bambo chini. Swali hilohilo niliwahi kuulizwa nikiwa mtoto, na aliyeniuliza alikuwa na bunduki begani. Nikamwambia mjomba kwamba kesho nitakuja Bwera, mambo ya namna hiyo hayasemwi kwenye simu.

Shida yenyewe ilikuwa barabara. Ile inayokwenda mpakani mwa Kongo inapanuliwa, na watu wa barabara wamepita na rangi nyekundu wakitia alama nyumba, miti na makaburi. Kaburi lenye mtu linahamishwa kwa heshima, wenyewe wakiwapo. Lisilokuwa na mtu ni rundo la mawe tu, na greda litapita juu yake. Nao watu wa barabara hawamwamini mtu, na siwalaumu, maana tangu neno fidia lisikike, makaburi yameota kando ya njia kama uyoga baada ya mvua. Kuna jamaa mmoja aliyeonyesha kaburi la baba yake, na baba akatokea ameshika kikombe cha chai.

Kwa hiyo walipofika nyuma ya jiko la marehemu nyanya, mama yake mama yangu, wakakuta vile vijiwe vimepangwa, wakauliza ni nani. Wajomba zangu wakatazamana. Nyanya alikuwa amekwisha kufa bila kumwambia yeyote. Mimi nilikuwa na jibu, na halikuwa jibu la kumfurahisha mjomba.

Nililipata jibu hilo nilipokuwa darasa la nne. Baba yangu alitoka Kenya kuja kufanya kazi ya saruji, na nyumba tuliyopewa kule kwenye kota za wafanyakazi ilikuwa chumba na nusu. Mama alipojifungua mapacha, mimi niliyekuwa mkubwa nikapelekwa Bwera kwa nyanya ili kupunguza midomo. Jina la Masika nimelipata kwao mama. Kwa Wakonzo mtoto hatafutiwi jina, linamsubiri kwa zamu yake ya kuzaliwa. Binti wa kwanza ni Masika, atake asitake. Kwa wavulana anatangulia Baluku, anafuata Bwambale, kisha Masereka, kisha Kule. Ukikutana na mtu barabarani akakutajia jina, umeshajua ana wakubwa wangapi nyumbani.

Nyanya alikuwa na Baluku, aliyehamia Jinja. Alikuwa na Bwambale, mfanyabiashara. Alikuwa na Kule, huyu wa simu, na mwisho akamzaa mama yangu. Masereka alikufa mchanga, nilisikia, akazikwa juu mlimani Karambi ambako ukoo wa babu ulitoka. Hiyo ndiyo habari yote niliyokuwa nayo, na nilisikia mara moja tu. Kwa nyanya hukuuliza jambo mara ya pili.

Bwera ya siku zile ilinukia muhogo ulioloweshwa. Kila ua ulikuwa na chungu au karai la muhogo uliochachuka ukisubiri kukaushwa, utwangwe, upikwe bundu, ugali wetu wa muhogo. Siku za soko kule mpakani Mpondwe harufu zilibadilika: samaki waliokaushwa kwa moshi kutoka Katunguru, chumvi ya Katwe yenye rangi ya vumbi, mafuta ya mawese kutoka ng'ambo ya mto. Mawese hayo yaliletwa na jirani yetu, mwanamke wa Kasindi aliyeolewa upande huu zamani akabaki mjane. Sisi watoto tulimwita Mama Mawese. Alikuwa na sauti ya kuita ng'ombe, na jicho moja lililotazama pembeni kidogo, kwa hiyo hukujua kama anakutazama wewe au mlango wenu. Mimi niliamua kwamba anatazama mlango wetu.

Yeye na wafanyabiashara wenzake ndio waliotuletea neno kashe. Ukiwa Bwera wakati ule ulilisikia kabla hujajua kuhesabu. Mwanzoni lilikuwa neno la njia za panya: mahali upande huu wa mto ambapo sabuni na vitenge vilisubiri watu wa ushuru waende kula. Baadaye likaingia jikoni. Mwalimu wetu wa darasa la nne, aliyewahi kusoma kwa mapadri upande wa Kongo, alitueleza siku moja tulipokuwa tunabishana nani kwao wana kashe kubwa. Alisema ni neno la Wafaransa, maana yake kuficha. Alisema huko kwenye nchi za baridi, wawindaji wa ngozi za wanyama walikuwa wakizidiwa na mizigo wanachimba shimo kando ya njia, wanafukia nyama na unga, wanaweka alama wanayoijua wao, wanaendelea na safari. Waingereza nao wakaliona neno ni tamu, wakalichukua bila kuomba.

"Lakini sikilizeni vizuri," alisema, chaki ikiwa sikioni. "Mutu anafukia kitu kwa njia ile atarudia. Kama huna nia ya kurudi, hiyo si kashe. Hiyo umetupa."

Nimekwisha kulipima neno hilo na ndugu zake wa Kiswahili, na naona mwalimu alisema kweli. Akiba unaweza kuitaja kanisani, tena wanasema akiba haiozi. Ghala linaonyeshwa wageni. Hazina inataka isifiwe. Kashe ikishatajwa imekufa.

Na kwetu zilihitajika. Waasi walikuwa mlimani, na walishuka kuchukua chakula. Jeshi lilikuwa bondeni, na lilitaka kujua chakula hicho waasi wanapewa na nani. Ukiwa na maharage mengi waasi watakuja, ukiwa na maharage mengi jeshi litakuja. Matokeo yake kijiji kizima kikawa maskini kwa mdomo. Ukimuuliza mtu amekula nini anasema muhogo. Katekista alisema muhogo, na kila mtu alijua kwamba ndani ya spika mbovu ya kanisa kulikuwa na sukari. Mwenyekiti wa kijiji alisema muhogo huku anachokonoa nyama kwenye meno.

Nyanya alitufundisha sawasawa. Maharage yalipikwa chungu kikiwa kimefunikwa kwa majani ya mgomba na jiwe juu, harufu isitembee. Kabla sijatoka nje alinipangusa mdomo kwa kiganja chake kigumu, akaninusa kama anavyonusa maziwa kujua kama yamelala. "Chakula ikionwa na macho ya watu, haishibishi," alisema. Kisha ananiuliza, "Umekula nini?" Nami najibu, "Muhogo." Nilipokuwa nikijibu haraka mno alinirudisha ndani, nijifunze kujibu kama mtu aliyechoka kula muhogo.

Basi mtoto aliyelelewa hivyo, utashangaa akimshuku bibi yake mwenyewe? Maana kila alasiri, jua likiwa kali na watu wamejinyoosha vivulini, nyanya alitoweka nyuma ya jiko. Pale palikuwa na migomba, na katikati ya migomba vijiwe vimepangwa duara refu, na mmea mmoja wa majani membamba, ule unaopandwa makaburini. Nilikuwa nimekatazwa kucheza hapo. Siku moja nikaegemeza sikio kwenye ukuta wa udongo, nikamsikia anazungumza. Alisema kwa Lukonzo, kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kumsikia nayo, "Nimekuja kidogo tu. Nyamaza. Nitarudi."

Niliondoa sikio ukutani upesi. Mjomba Bwambale alikuwa amekwenda Kasindi kufanya biashara na habari zake zimekatika, na pale kijijini ilikwisha kunong'onwa kwamba hakwenda Kasindi, alipanda mlimani. Lisemwalo lipo. Nikaona wazi: mjomba ni mwasi, anajificha mgombani, na nyanya anampelekea chakula. Nikawaza afande akimchukua nyanya, nikawaza mimi nikibaki na Mama Mawese na jicho lake.

Siku iliyofuata nilitangulia kujibanza kwenye majani makavu. Nyanya alikuja, akapiga magoti, akaondoa vijiwe, akanyanyua jiwe pana lililolala chini yake. Akaingiza mkono ndani ya chungu kilichozikwa mpaka shingoni, akatoa maharage yaliyochanganywa na jivu, akayafunga kwenye pindo la kitenge. Mjomba hakuwapo, na hakukuwa na mtu mwingine. Ilikuwa kashe tu, na nilifurahi mpaka nikataka kucheka. Nyanya wangu alikuwa amejenga kaburi la uongo ili kulinda maharage. Nilimwona mwerevu kuliko kijiji kizima. Sauti ile tu ndiyo iliyonibakia kama mwiba, kwa sababu siku hiyo pia, kabla hajaondoka, alisema nyamaza, nitarudi, na hapakuwa na wa kuambiwa.

Jeshi lilikuja asubuhi moja wakati tunaanika kahawa. Tulitolewa sote nje, tukakalishwa barabarani, halafu wakaanza kuingia ua kwa ua. Afande aliyewaongoza alikuwa mrefu, uso umekauka kwa usingizi mchache, na mkononi ana nondo iliyochongwa ncha. Aliichoma ardhi kila mahali palipoonekana pamelainika: sakafu za majiko, marundo ya maganda ya kahawa, kando ya vyoo.

"Kashe iko wapi?" aliuliza kila mlango. "Nyinyi nalisha adui. Toa mwenyewe! Mimi ikipata, mbaya sana!"

Kwa seremala, nyumba ya tatu kutoka kwetu, nondo iliingia kwenye rundo la matofali ikatoka na punje za mpunga zimenata. Seremala alipandishwa kwenye lori bila viatu. Mkewe alikimbia nyuma ya lori ameshika vile viatu juu kama anampungia, na lori halikusimama. Hapo ndipo wote tulipoelewa kwamba siku hiyo si ya maneno.

Kisha wakaja kwetu. Walichoma jikoni, hakuna. Walichoma kwenye zizi la mbuzi, hakuna. Afande akazunguka nyuma, na sisi tukamfuata, nyanya mbele, mimi nimeshika kitenge chake, Mama Mawese na wanawake wengine nyuma yetu. Akasimama mbele ya vijiwe.

"Hii nini?"

"Kaburi," nyanya alisema.

"Ya nani?"

"Ya mtoto."

"Mtoto gani?"

Nyanya aliyenifundisha kujibu muhogo kama mtu aliyechoka, siku hiyo ulimi ulimgoma. Afande akainua nondo. Nilijua inakwenda kugonga jiwe pana, halafu chungu, halafu nyanya atapanda lori.

Mama Mawese ndiye aliyepasua hewa. Alivua kilemba, akajitupa juu ya vijiwe kifua chini, akalia kilio ambacho mpaka leo nikikikumbuka nywele zinanisimama. "Mutoto wetu! Afande, hapana toboa! Hapana toboa mutoto! Aliisha kuumia, mumuache alale!"

Kwetu mwanamke akianzisha kilio kando ya kaburi, mwenzake hawezi kukaa kimya. Asiyeitikia ndiye anayesemwa kesho kwamba alihusika na kifo. Kwa hiyo wanawake wote wakaitikia, hata wale waliojua fika, maana kumbe walijua, kwamba pale pana maharage. Mgombani kote kukawa matanga. Askari wadogo wakarudi nyuma. Afande akabaki na nondo hewani, anamtazama huyu na yule, na mwisho macho yake yakatua kwangu, kwa sababu watu wa kazi hiyo wanajua kwamba mtoto hajafundishwa kudanganya. Hakujua nilikolelewa.

"Wewe toto. Nani iko hapa?"

"Mtoto," nikasema.

"Jina?"

Nikapekua kichwani. Baluku yuko Jinja. Bwambale yuko hai, huenda yuko mlimani. Kule yuko kazini Kasese. Nikachukua jina lililokuwa halina mtu.

"Masereka," nikasema.

Nyanya alinigeukia. Nilihisi kitenge kikinivutika mkononi kwa jinsi alivyogeuka ghafla. Alinitazama, na machozi ambayo hakuwa nayo kabla yakamjaa. Afande naye alimtazama usoni. Akashusha nondo, akavua kofia.

"Pole, mama," alisema. Akawaambia wenzake, "Twende."

Lori lilipotoweka, wanawake walianza kucheka, kicheko cha watu waliotoka mautini. Walicheka mpaka wakashikana mabega. Kaburi la maharage! Mmoja alisema ukifa ukiwa na njaa uzikwe kwa nyanya. Jina likashika, na kwa miaka ukisema kaburi la maharage pale kijijini, kila mtu alijua ni wapi. Seremala alirudi baada ya muda, amekonda, na hata yeye akacheka. Nyanya peke yake hakucheka. Alikaa palepale kwenye vijiwe na Mama Mawese, mgongo kwa mgongo, mpaka nikaenda mwenyewe kugeuza kahawa.

Tangu siku hiyo Mama Mawese alikuwa akila kwetu. Nyanya alimpakulia kabla yangu. Mimi nikajua sababu, au nikadhani: ameshika siri yetu, sasa tunamlipa kwa sahani. Kikulacho ki nguoni mwako, nilijiambia, nikawa namhesabia matonge. Mjomba Bwambale naye akatokea kutoka Kasindi ana baiskeli mpya na mke mnene, yeye mwenyewe hajui hata kushika bunduki. Vita vikapoa, mapacha wakakua, mimi nikarudi kwa wazazi. Na jambo moja nililokwenda nalo kifua mbele maisha yangu yote ni kwamba niliwahi kumdanganya afande kwa neno moja nikamwokoa bibi yangu. Nimelisimulia ghalani mara nyingi. Wateja wanacheka, na mimi nachoma gunia.

Basi nilifika Bwera kesho yake kama nilivyoahidi. Mjomba Kule alikuwa amesimama nyuma ya jiko lililobomoka nusu, mvi zimemjaa. Kijana wa barabara alikuwapo, kofia ngumu kichwani na kopo la rangi chini. Mama Mawese alikuwa ameletewa kiti cha plastiki, amekunjamana kama jani la sombe, kisamvu cha kwetu, lililochemshwa, lakini jicho lilikuwa lilelile. Alinitazama, au aliutazama mgomba.

"Sema, Masika," mjomba alisema. "Sisi wote nakutegemea wewe."

Niliona anavyotaka niseme yupo. Si kwa ajili ya fidia. Mzaha wa kijiji alikuwa ameusikia, lakini mjomba ni mtu wa kanisa, na anaogopa kuuza kitu asichokijua. Lakini nilikuwa nimekwisha kudanganya vya kutosha mahali pale. Nikasema ukweli: hapana mtu, nyanya alijifanyia kaburi, nilimwona kwa macho yangu akitoa maharage. Ilikuwa kashe.

"Kashe ni nini?" kijana wa barabara aliuliza.

Nilishangaa. Alisema amezaliwa hapahapa wilayani. Nikamweleza kidogo, akaitikia kwa kichwa kwa adabu, akasema, "Kwa hiyo ilikuwa stoo," akainama kuchukua kopo aandike alama ya kupita.

"Weka hiyo kitu chini," Mama Mawese alisema.

Sauti ile ya kuita ng'ombe ilikuwa imeisha, lakini kijana aliweka chini.

"Masika, weye uliona maharage. Maharage ilikuwa ya juu. Chini ya maharage iko jiwe ingine. Chini ya ile jiwe iko mutoto. Miye njo nilimuosha, nikamuvalisha shanga."

Mjomba alishika mti wa mlango wa jiko.

"Bibi yako alikuwa ametoka Karambi, alikuwa anapanga hapa, udongo haikuwa yake. Babu yako alikuwa kule mugodini. Mutoto akashikwa na homa, akafa. Mwenye shamba akakataza. Ukizika mutu wako kwa shamba ya mutu, ni kama unamunyanganya shamba. Na kumupandisha mulimani, nani atamubeba? Mvua ilikuwa inanyesha. Tukamuzika sisi wawili, wanawake tu, kama wezi. Akamuambia bwana yake tulimupeleka Karambi. Kisha akanunua hii shamba, lakini uongo ilikuwa imeisha kukomaa. Wale ba ukoo wangejua, wangemuchimba, bamupeleke mulimani. Yeye alitaka mutoto wake karibu na jiko."

"Na maharage?" nikauliza. Ndiyo, niliuliza. Mtu haachi kuwa alivyo.

"Batu balianza kuuliza kwa nini kila siku anaenda kule nyuma. Njo akaweka maharage. Akaniambia, mama, bakiniona sasa, bafikiri nafata chakula."

Nilikaa chini kwenye udongo. Miaka yote nilidhani nyanya alijenga kaburi ili kuficha maharage. Kumbe alifukia maharage ili kuficha kaburi. Kijiji kizima kilikuwa kikicheka juu ya mwanawe, naye akawaacha wacheke, kwa sababu kadiri walivyocheka ndivyo mtoto alivyokuwa salama. Na kilio cha Mama Mawese hakikuwa ujanja. Alikuwa amekibana tangu siku ile ya mvua, ikapatikana nafasi ya kukitoa mbele ya watu. Ule uongo wangu niliotembea nao kifua mbele, ndio lilikuwa neno la kweli pekee lililosemwa juu ya yule mtoto kwa sauti. Nilimtaja jina lake mbele ya mama yake, na mimi nilidhani ananitazama kwa kunisifu.

Mjomba aliondoa vijiwe mwenyewe. Jiwe pana likanyanyuka, chungu kikatoka kizima, mdomo umezibwa kwa majani yaliyogeuka vumbi. Ndani maharage yalikuwa yamebaki maganda matupu na jivu. Chini ya chungu palikuwa na jiwe la pili, safi, halina jivu. Mjomba aliweka vidole ukingoni akanitazama.

"Angalia wewe," alisema. "Wewe ndiyo najua kuangalia."

Sikuweza. Mimi ambaye sijawahi kununua gunia bila kulichoma mpaka katikati, niligeuza uso nikatazama migomba. Nilisikia jiwe likisogezwa. Nikasikia Mama Mawese akisema, "Njo yeye, njo shanga zake." Kijana wa barabara alivua kofia yake ngumu akaishika kifuani, na hapo nikamkumbuka afande, nikalia.

Tulimfunga kwenye shuka jeupe, kidogo kilichokuwapo pamoja na udongo wake, tukampandisha juu ya kilima ambako barabara haifiki, tukamlaza kando ya nyanya. Mjomba Kule ndiye aliyembeba. Njiani aliniambia kwamba tangu utotoni, kila alipoitwa jina lake, alijua kuna mmoja aliyemtangulia. "Nilikuwa nafikiri yeye iko mbali, Karambi," alisema. "Kumbe nilikuwa nakula nyuma yake tu, hapo jikoni."

Jiko lenyewe sasa limekwenda, na migomba. Greda limepita. Bwera ya leo hununua maharage kwa kilo dukani, yanabebwa kwenye mfuko unaoonyesha kila kitu, na ukimuuliza mtu amekula nini anakuonyesha picha. Neno letu limebaki vinywani mwa wazee wachache wa Mpondwe, na wao wakiondoka litaondoka nao. Sisemi turudi tulikotoka, nani anataka lori lile lirudi. Lakini siku hizi, nikiwa peke yangu ghalani, naisikia ile sauti ya alasiri ikipita kwenye ukuta wa udongo, na sitafuti tena alikuwa anazungumza na nani.

Siku ile tulipomaliza kufukia, wengine walitangulia kushuka. Mimi nilibaki nikipanga vijiwe vilevile, duara refu, kama alivyokuwa akivipanga yeye. Nilipomaliza nikasema kwa Lukonzo changu kibovu, "Nyamaza. Nitarudi." Mjomba alikuwa amesimama nyuma yangu akinisubiri, na hakuniuliza chochote.